Mwigizaji Aliyehamia Shieywe

Watu walipomsimamisha njiani na kumwuliza kama kweli ni yeye, Mwigizaji hakukubali wala hakukataa. Alivua miwani, akamgeuzia mtu yule uso wake wote, kushoto kisha kulia, kama mwuzaji anayemwonyesha mteja pande mbili za kitambaa. "Umeridhika?" aliuliza. Halafu alivaa miwani yake na kuuliza swali lake: "Huko kwenu kuna mtoto aliyezaliwa na miguu imepinda?"

Hivyo ndivyo alivyoanza mazungumzo na binadamu yeyote wa Kakamega, awe askari, awe mchungaji wa kanisa, awe mama wa ndizi. Wengine walidhani ni mzaha. Wengine walinyamaza, wakatazama chini, na kwa kunyamaza kwao yeye alijua kwamba amefika penyewe.

Mimi ni fundi wa viatu hapa Khayega. Kazi ya ngozi nilijifunza chuo cha ufundi cha Sigalagala, na kibanda changu kiko nyuma ya maduka, mahali ambapo waendesha boda hungojea abiria. Nilikuwa nimesikia habari za Mwigizaji tangu utotoni, maana mama yangu aliwahi kumwona katika picha iliyoletwa na gari la sinema, shuka kubwa jeupe likafungwa kati ya milingoti miwili pale sokoni. Katika picha hiyo alikuwa mama aliyembeba mwanawe mgonjwa mgongoni kwa siku mbili, akavuka mto uliofurika, akafia mlangoni pa hospitali baada ya mtoto kupokewa. Mama yangu alikuwa akiisimulia kama jambo lililotokea kwa jirani. Alipofika mahali pa mto, sauti yake ilibadilika. Sisi watoto tuliamini kwamba mwanamke yule alikuwa amekufa kweli.

Kwa hiyo siku aliposimama mbele ya meza yangu akiwa na kilemba cha rangi ya dhahabu, poda usoni na mkoba chini ya kwapa, nilimwamkia kwa kigugumizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wanayemsifu, au kuna mwingine?"

Nikasema mwingine yuko, lakini anakunywanga. Akacheka, kisha akatoa mkobani viatu viwili vidogo sana, vimeunganishwa kwa kipande cha chuma. Akaviweka juu ya ngozi niliyokuwa nikikata.

"Unaweza kutengeneza hivi?"

"Mama, hivi si viatu."

"Ni viatu," akasema. "Wewe ndiye hujavijua."

Akanieleza. Mtoto akizaliwa na nyayo zilizogeukia ndani, akapelekwa hospitali mapema, mguu wake hunyooshwa kidogo kidogo kwa plasta inayobadilishwa kila wiki. Ukishanyooka, mtoto huvalishwa viatu vya namna ile ili nyayo zisirudi zilikotoka. Kwa miezi kadhaa huvivaa mchana na usiku, halafu huvivaa wakati wa kulala tu kwa miaka kadhaa. Viatu vilivyotoka mbali vilikuwa vichache, na watoto walikuwa wengi kuliko vile alivyofikiri mtu yeyote, kwa sababu wengi walikuwa wamefichwa ndani ya nyumba.

Jozi yangu ya kwanza niliimaliza kwa siku tatu, na nilijivuna nayo. Mwigizaji aliingiza kidole ndani, akakipitisha polepole kwenye mshono, akanirudishia. "Kitamchubua." Nikabisha. Hakubishana nami. Alichukua mkono wangu wa kushoto, akauingiza ndani ya kiatu, akafunga kamba mpaka mwisho, akasema nifanye kazi hivyo hivyo mpaka arudi. Alirudi saa kumi jioni. Nilipofungua, kiganja kilikuwa chekundu, na kwenye kifundo palikuwa na alama ya mshono kama mtu aliyeumwa na mbwa mdogo.

"Sasa unajua," akasema. "Mtoto hataweza kukwambia."

Tangu siku ile sijawahi kutoa kiatu cha mtoto kibandani kabla ya kukivaa mkononi mwangu kwanza. Nimewafunza hivyo mafundi wengine wawili, na wao wakiulizwa wamejifunza wapi, husema kwa fundi wa Khayega. Mimi najua walijifunza kwa nani.

Alikuwa mwenye majivuno, na sitaki kuficha hilo. Hakuna aliyewahi kumwona bila poda. Hata alipokuwa akienda kutafuta watoto huko mabondeni, ambako matope hufika kwenye magoti, alibeba kioo kidogo, na kabla ya kuingia uani kwa watu alisimama nyuma ya ua wa nyumba ajitengeneze. Nilimwambia siku moja kwamba mwenye nyumba hatajali. Akaniambia, "Fundi, huyu mama ameficha aibu miaka mitatu. Leo mgeni anakuja kwake. Unataka aone mgeni aliyevaa matambara? Atajua kwamba mgeni pia anamwonea aibu." Niliona kwamba majivuno yake yalikuwa na kazi. Lakini si yote. Mengine yalikuwa majivuno tu. Muuguzi wa kliniki ya miguu alipomwuliza umri wake ili aandike kwenye fomu, alijibu, "Andika mtu mzima," na kila mwaka mtu mzima huyo hakuongezeka hata siku moja.

Alipenda kusifiwa. Ukimsifu mara moja, alikuuliza swali ili umsifu mara ya pili. Kwa nini aliacha Nairobi na kuja kuishi Shieywe, hapa Kakamega, alitoa sababu mpya kila alipoulizwa: mara mvua ya Kakamega hunyesha kwa adabu, saa zile zile za alasiri, mara kuku wa huku wana ladha, na mtu aliyewahi kula ingokho iliyopikwa na mama wa Kiluhya hawezi kurudi kwenye kuku wa mjini. Nadhani sababu zote zilikuwa za kweli kidogo.

Nyumba yake Shieywe ilikuwa ya kupanga, vyumba viwili. Niliingia nikitarajia kuona picha zake ukutani. Ukutani palikuwa na kalenda ya kanisa na karatasi ndefu yenye majina ya watoto, mbele ya kila jina siku ya plasta. Picha za sinema alikuwa ameziweka kwenye sanduku chini ya kitanda. "Zikikaa ukutani zinanitazama," alisema. "Mimi ndiye ninayepaswa kutazama sasa."

Alikuwa na misemo mingi ya namna hiyo, mingine ya maana, mingine ya kupamba tu. Ule uliobaki midomoni mwa watu hapa kwetu ni huu: "Huruma isiyo na nauli ni kelele." Aliutoa kanisani, siku mchungaji alipowaomba waumini wawaombee wale watoto. Alisimama kwenye benchi lake, akasema amina kwa sauti, kisha akasema maneno hayo, akapitisha kilemba chake mwenyewe kama kapu la sadaka ili mama wawili wapate nauli ya Jumanne, siku ya kliniki. Hiyo ndiyo siku pekee ambayo watu waliona nywele zake. Zilikuwa nyeupe zote. Hakuna aliyezitaja.

Hakuogopa umati. Watu wa kwetu wanajua kwamba Jumamosi asubuhi ukitaka kuwapata wanaume wa Shinyalu, uwafuate kwenye mapigano ya mafahali. Mwigizaji alikuwa amechoka kuambiwa na akina mama, "Mwenye kusema ni baba ya mtoto, na hayuko." Basi akaenda waliko baba za watoto. Nilimfuata kwa hofu, kwa sababu pale watu hukimbia ovyo fahali akishindwa. Ngoma za isukhuti zilikuwa zikipigwa, vumbi limetanda, wanaume wamepanda hadi kwenye mapaa ya magari. Fahali wawili walipoachanishwa, akamwomba mwenye kipaza sauti ampe. Yule kijana akampa bila kuuliza. Baadaye aliniambia hakujua kwa nini.

"Mulembe," akasema. Wakaitikia. "Nimesimama hapa tangu asubuhi nikiwasikiliza. Fahali akiingia tu, mnasema huyu kwato yake ya nyuma si nzuri, huyu anaegemea kulia. Mnaona kwato kutoka ng'ambo ya uwanja! Sasa mtoto wako wa kumzaa, anayelala chumba cha pili, mguu wake umepinda miaka miwili. Mbona huo huuoni?"

Mtu mmoja akapiga kelele, "Mama, toka, leta fahali!" na wengine wakacheka. Yeye akangoja kicheko kiishe, akasema hospitali ya mjini, Jumanne, saa mbili, na kwamba hawatatozwa maneno ya lawama. Akarudisha kipaza sauti, akashukuru. Njiani nilimwambia amefanya bure. Jumanne ile wanaume wanne walikuja, kila mmoja peke yake, mtoto amefunikwa kwa shuka. Mmoja wao alikuwa yule aliyepiga kelele.

Kuhusu wageni wenye kamera nitasema jambo moja tu, kwa kuwa nililiona. Walikuja watu kutoka mbali waliotaka kuisaidia kliniki, watu wema kwa kuwatazama, na mpiga picha wao akapiga magoti mbele ya mtoto aliyekuwa akilia plasta ikikatwa. Mwigizaji akaweka mkoba wake mbele ya kioo cha kamera.

"Samahani, mama," yule kijana akasema, "tunahitaji picha yenye hisia."

"Unataka machozi?"

"Ndiyo, kidogo."

"Basi nipige mimi. Mimi ndiye niliyesomea. Mtoto huyu hajalipwa alie mbele yako." Akaketi, akainua uso kuelekea dirishani, akauliza, "Jicho lipi?" Kijana akadhani anatania. Akasema la kushoto. Na mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, nikaona chozi moja likijaa katika jicho lake la kushoto, likatulia ukingoni, likateremka kwenye poda. Jicho la kulia lilikuwa kavu kama jiwe. Wauguzi walipiga makofi. Mtoto aliacha kulia, akakodoa macho. Wale wageni walipiga picha yake, na nasikia ndiyo iliyotumika.

Tulipotoka alinieleza jambo ambalo sikumwuliza. Zamani, katika picha moja ambayo hata jina lake hakulitaja, watoto wa kijiji waliletwa wakimbie nyuma yake wakishangilia. Mmoja wao, msichana, alikimbia kwa kutembelea pande za nyayo zake. Mwongozaji wa picha akasema mtoto yule aondolewe, anaharibu. Mtu akamshika mkono, akamketisha nyuma ya gari, na kazi ikaendelea.

"Nami nikanyamaza," Mwigizaji akasema. "Jua lilikuwa linakwenda, na mimi nilitaka tumalize. Alikaa nyuma ya gari akitutazama mpaka mwisho. Nilipata sifa nyingi kwa picha ile, Fundi. Watu waliniambia nilicheka vizuri."

Nikamwambia ni zamani. Akasema, "Ndiyo, yeye sasa ni mtu mzima," na hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo.

Sasa nifike kwa Musimbi, kwa sababu ukimwuliza mtu yeyote wa Khayega juu ya Mwigizaji, atakutajia Musimbi.

Alikuwa na miaka minne, akiishi na bibi yake juu ya kilima, nyuma ya shamba la miwa. Mama yake alikuwa kazini mbali. Nyayo zote mbili zilikuwa zimepinda kabisa, na alikwenda kwa magoti, haraka, akiwa amefungiwa vitambaa magotini. Muuguzi alikuwa amesema miaka minne ni kuchelewa lakini si kuchelewa kabisa. Tulipanda kilima, Mwigizaji akajitengeneza nyuma ya ua, tukaingia.

Kukhu, yaani bibi wa mtoto, alikuwa akichambua maharagwe. Alimtazama mgeni, akaacha kuchambua. Akamtazama tena. Halafu akasimama, ungo ukaanguka.

"Wewe si ulikufa?" akasema. "Nilikuona kwa macho yangu. Pale sokoni. Nilikulilia mimi!"

Nilimnong'oneza Mwigizaji haraka. Nilimwambia, huyu bibi anaamini, mwambie umerudi kwa muujiza, atakupa mtoto sasa hivi. Akanigeukia kwa macho makali.

"Fundi, mimi hudanganya nikilipwa, na watu wakijua nadanganya." Kisha akamwambia bibi kwa upole, "Kukhu, nilikufa kwa ajili ya picha tu. Walipozima kamera niliamka, nikaosha matope, nikala."

"Ulikula?"

"Obusuma na kuku. Sahani mbili."

Bibi akamtazama, na nikaona kwamba amekasirika. Alikuwa amemlilia mtu aliyekuwa akila kuku. Akaketi, akaokota ungo. "Basi nenda," akasema. "Hii mtoto ni yangu. Miguu yake ni yake. Mkono wa mtu uko hapo, na mkono wa mtu hauondolewi na plasta."

Tulirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mwigizaji hakutaja hospitali tena. Alipiga magoti kwenye maharagwe, akapalilia pamoja na bibi, vibaya sana, aking'oa maharagwe na kuacha magugu, mpaka bibi akawa anamcheka. Mara ya nne bibi ndiye aliyeanza.

"Ikishindikana, nani atachekwa?"

"Mimi," Mwigizaji akasema. "Nitakaa hapa mlangoni kwako, na kila anayepita atanicheka mimi. Wananijua wote."

Musimbi alianza plasta Jumanne ile. Wiki tano mambo yalikwenda vizuri. Wiki ya sita ilinyesha mvua isiyo na adabu yoyote, mtoto akalia kwamba miguu inawasha, na bibi, kwa huruma, akachemsha maji, akalowesha plasta, akaiondoa yote. Tulipofika, nyayo zilikuwa zimeanza kurudi. Mwigizaji alipoona, alimfokea bibi yule. Alimwita mjinga mbele ya majirani, akasema yeye ndiye anayemlemaza mtoto. Sauti yake ilifunzwa kufika mwisho wa ukumbi, na siku ile ilifika mpaka barabarani. Bibi alimchukua mjukuu wake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilishuka kilima nikijua tumemaliza. Kesho yake asubuhi Mwigizaji akanipigia simu nimpeleke tena. Nikamwambia tungoje wiki moja, hasira ipoe. Akasema, "Nilimtukana watu wakisikia. Nikienda kimya kimya kuomba msamaha, tusi litabaki kubwa kuliko msamaha." Tukapanda. Alisimama uani, akaita kwa sauti ile ile ya jana, mpaka majirani wakatoka. Akasema, "Jana nilimwita huyu mama mjinga. Amemlea mtoto huyu miaka minne bila msaada wetu. Aliona mtoto analia, akamhurumia. Mjinga nilikuwa mimi. Naomba msamaha."

Nilimtazama uso kwa makini, kwa sababu nilikwisha kuona anavyoweza kutoa chozi kwa jicho alitakalo. Hakutoa chozi. Poda ilikuwa imepakwa vibaya, upande mmoja zaidi, kama mtu aliyejipaka bila kioo.

Mlango ulikaa umefungwa kwa muda. Kisha bibi akatoka. "Umeongea vizuri," akasema, "lakini jana uliongea kwa nguvu zaidi." Watu wakacheka, Mwigizaji akacheka nao. Bibi akamrudisha mtoto hospitali yeye mwenyewe, akambeba mgongoni mpaka barabarani, na plasta ikaanza upya tangu mwanzo.

Ilichukua miezi. Palifanyika upasuaji mdogo nyuma ya kifundo. Viatu vya Musimbi nilivitengeneza mara tatu kwa jinsi alivyokua, na vya mwisho nilivipaka rangi nyekundu kwa sababu aliomba. Siku alipotumwa dukani peke yake kwa mara ya kwanza kununua chumvi, alipita mbele ya kibanda changu kwa miguu yake, akitazama mbele, asitake kuonekana kwamba anajua tunamtazama. Waendesha boda walizima pikipiki. Hakuna aliyewaambia. Alinunua chumvi, akarudi, akatupita tena. Mimi nilikuwa na sindano mkononi na sikushona kitu mpaka alipopotea kwenye kona.

Nilimpigia Mwigizaji kumweleza. Akauliza, "Alikuwa akikanyaga kisigino kwanza?" Nikasema sikuangalia, nilikuwa nalia. Akasema, "Fundi, kulia ni kazi yangu. Wewe angalia kisigino."

Binti yake alikuja kumtembelea mara moja, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye macho ya mama yake. Alikaa kibandani kwangu akingoja, nami nikamsifu mama yake kwa kila neno. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema bila uchungu, "Ni vizuri. Mimi nilimwona zaidi kwenye sinema kuliko nyumbani. Siku moja shule ilifungwa, watoto wote wakachukuliwa, nikabaki na mlinzi mpaka kesho yake. Mama alikuwa kazini." Nilikasirika kwa niaba ya Mwigizaji, na jioni nikamwambia maneno ya binti yake, nikitarajia ajitetee.

Akasema, "Ni kweli. Alikuwa na miaka tisa." Akaendelea kukunja shuka za watoto. "Usinitetee mbele yake, Fundi. Yeye alikuwepo, wewe hukuwepo."

Kwa hiyo simwelezi kama malaika, na sidhani angependa nafasi hiyo. Angeuliza malaika wanalipwa lini. Nasema tu kwamba pale kwetu, ambapo watoto walifungiwa chumba cha pili, leo mama akijifungua mtoto mwenye nyayo zilizopinda, mkunga humwambia kabla hajaondoka: Jumanne, saa mbili. Na mama huenda. Shuka la kumfunika mtoto halitumiki tena, ila kukiwa na baridi.

Mwaka jana alinipigia akasema nifunge kibanda mapema, kuna watu wanamhitaji kwenye boma moja hapa Khayega, naye hataki kwenda peke yake. Nilidhani ni mtoto. Nilipofika nikakuta magari, nyaya, taa kubwa kwenye miguu ya chuma, na mwongozaji, msichana mdogo mwenye rasta, akimwita Mwigizaji "mama" kwa heshima nyingi. Walikuwa wanatengeneza filamu. Walikuwa wamemtafuta mpaka Shieywe ili acheze nafasi ya bibi mmoja, dakika chache tu.

Akina mama wa jirani walikuwa wamejaa kwenye ua. Mimi nilipewa kiti nyuma ya kamera, nikaambiwa nisikohoe.

Walikuwa wamemfuta poda yote. Nilimwona uso wake mtupu kwa mara ya kwanza, mikunjo yote, na sikumtambua mara moja. Wakamvalisha leso kuukuu, wakamketisha kwenye kigoda na sinia ya mchele. Kazi yake ilikuwa ndogo: achambue mchele, asikie lango likifunguliwa, ainue kichwa amwone mwanawe aliyepotea miaka mingi. Hapakuwa na neno hata moja la kusema. Na hapakuwa na mwana. Langoni alisimama mfanyakazi wao mmoja ameshika fimbo ili yeye ajue pa kutazama.

Wakanyamaza wote. Akaanza kuchambua. Kisha akainua kichwa kuelekea ile fimbo.

Siwezi kueleza vizuri alichofanya. Mikono iliendelea na mchele kidogo, kama isiyojua bado kile ambacho macho yamekwisha kujua. Mdomo ulifunguka ukafungwa. Nilimfikiria ndugu yangu aliyekwenda kutafuta kazi pwani, ambaye mama yangu alimngojea mpaka akazikwa. Niligeuka kutazama langoni, naapa, ili nimwone aliyefika. Niliona fimbo.

Mwongozaji akasema, "Kata," kwa sauti ndogo, akafuta macho yake. Wakarudia mara sita, kwa ajili ya mwanga, kwa ajili ya ndege aliyepiga kelele, na mara zote sita nilitazama langoni. Walipomaliza, wale akina mama wa uani wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mmoja akasema kwa sauti, "Huyo ni wetu! Anakaa Shieywe!"

Nilimkaribia. Alikuwa bado kwenye kigoda, sinia magotini.

"Fundi, umeonaje?" akauliza, na nilijua anataka asifiwe.

"Mama, nilisahau kwamba ni wewe."

Nilingoja aniulize swali la pili, ili nimsifu tena, kama ilivyokuwa desturi yake. Hakuuliza. Aliweka sinia chini, akaninyooshea mkono wake. Katika miaka yote hiyo ya vilima na matope hakuwahi kukubali nimshike.

"Nisimamishe," akasema polepole, wasisikie wengine. "Magoti haya hayajui kuigiza."

Nikamsimamisha. Tukatembea polepole kuelekea kwenye chai, na wote waliokuwa uani, akina mama na wale vijana wa kamera, wakasogea wakatupa njia.